Herufi tisa, nusu dakika: askari na maneno marefu ya Kiingereza

Kila Ijumaa jioni, zamu zikishabadilishwa na chai ikishanywewa, meza mbili za bwalo moja la askari upande wa Kanombe, hapa Kigali, husogezwa pamoja na ubao mweusi ukaegemezwa ukutani. Mchezo unaofuata si karata wala igisoro. Koplo mmoja wa kike, karani kwa kazi yake, hubandika ubaoni herufi tisa zilizokatwa kwenye maboksi ya biskuti, huitazama saa yake, kisha hutamka neno moja tu: "Anza!" Kwa nusu dakika bwalo zima hunyamaza kama gwaride lililoamriwa mguu sawa. Kinachotafutwa ni neno la Kiingereza lililo refu kuliko la jirani, na liundwe kwa herufi zile zile zilizopo ubaoni, wala si nyingine.

Sisi tulifika hapo mara ya kwanza tukiwa katika shughuli za uhusiano, tukifuatilia habari za timu ya kandanda ya kikosi. Tulidhani tungekaa dakika tano. Tuliondoka saa tatu usiku, na Ijumaa iliyofuata tulirudi bila kutumwa na mtu.

Mchezo wenyewe si uvumbuzi wa bwalo lile. Wafaransa waliuanzisha katika televisheni yao mwaka 1965, na Waingereza wakauchukua. Ndio uliofungua matangazo ya idhaa yao ya nne ya televisheni tarehe 2 Novemba 1982. Kwa Waingereza herufi ni tisa, muda ni sekunde 30, na mchezaji anayezitumia herufi zote tisa hupata pointi 18, yaani mara mbili ya urefu wa neno lake. Tunaitaja asili hii makusudi, kwa maana mchezo uliozaliwa katika Kifaransa na kuhamia Kiingereza umepita njia ile ile waliyopita askari wengi wa Rwanda.

Msomaji wa nchi jirani huenda hafahamu jambo hili vizuri. Mnamo Oktoba 2008 serikali yetu iliamua kwamba masomo shuleni yafundishwe kwa Kiingereza. Mwaka mmoja kabla ya hapo nchi ilikuwa imeingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mwaka mmoja baadaye, Novemba 2009, ikaingia katika Jumuiya ya Madola. Aliyemaliza sekondari hapa nchini kabla ya uamuzi huo, aghalabu alisoma hesabu, jiografia na fizikia kwa Kifaransa. Aliyeanza darasa la kwanza baada yake amekulia katika Kiingereza. Leo wote wawili wamevaa sare moja, na katika bwalo moja wanaketi meza moja wakizungumza Kinyarwanda au Kiswahili, lugha ambayo ilikuwa ya kambini kwa siku nyingi kabla haijafanywa lugha rasmi ya nchi mwaka 2017.

Miongoni mwa wachezaji wa Ijumaa yumo mgeni wa kudumu kutoka upande wa polisi, inspekta msaidizi aliyekwisha kupita umri wa miaka 40, ambaye vijana wote humwita Afande, nasi tutamwita hivyo hivyo. Yeye ni wa kundi la kwanza, lile la Kifaransa. Haji pale kupoteza wakati. Afisa wa polisi anayetaka kwenda mmoja mmoja katika shughuli za kulinda amani za Umoja wa Mataifa hupimwa kwanza lugha ya huko aendako: kusoma, kusikiliza, kuandika ripoti na kujibu maswali ya ana kwa ana. Halafu ndipo hupimwa kuendesha gari na kutumia silaha. Asiyevuka lugha, ustadi wake wa usukani na wa bastola haumsaidii kitu. Afande alikuwa amekwisha kupimwa Kiingereza mara moja, na hakuvuka. Alitwambia hayo mwenyewe, kwa sauti ya chini, huku akikoroga chai ambayo haikuwa na sukari ya kukorogwa.

"Vijana hawa walianza Kiingereza wakiwa na meno ya utoto," alisema. "Mimi nimekianza nikiwa na mvi."

Kwa hiyo tulitazamia kwamba ubaoni angekuwa wa mwisho. Haikuwa hivyo, na sababu yake ndiyo iliyotufanya tuandike makala haya.

Mchezo wa bwalo lile una sehemu mbili. Katika ya kwanza herufi huokotwa kwenye kofia bila kuangaliwa. Katika ya pili, ambayo wao huiita fumbo, koplo huchagua kwa siri neno moja la kijeshi lenye herufi tisa, akazichanganya herufi zake na kuzitandaza ubaoni. Usiku ule wa kwanza alitandaza hivi: T, A, O, B, L, N, I, T, A.

Kijana mmoja wa usafirishaji aliandika "total", herufi tano. Mwenzake akapata "obtain", herufi sita, akaanza kupongezwa. Afande alikuwa ameinua mkono tangu sekunde ya kumi. Alipopewa nafasi akalitaja neno: batalioni! Bwalo likapiga makofi. Koplo akamtaka aliendeleze kwa herufi, na hapo ndipo palipozuka ubishi. Afande alisoma: B, A, T, A, I, na L mbili. Koplo akatikisa kichwa. "Samahani, Afande. Ubaoni pana L moja tu."

Msomaji na achukue kalamu alihakikishe jambo hili mwenyewe. Kwa Kifaransa neno hilo huandikwa "bataillon", lenye T moja na L mbili. Kwa Kiingereza huandikwa "battalion", lenye T mbili na L moja. Yote mawili yana herufi tisa, yote mawili yana maana moja, na mtu aliyejifunza la kwanza kwa miaka 12 mkono wake humkataa anapotaka kuandika la pili. Pointi 18 zilimponyoka Afande kwa herufi moja. Alikaa chini akalitazama lile ubao kwa muda mrefu, kama mtu anayemtazama rafiki wa zamani aliyebadili jina.

Fumbo la pili lilikuwa na herufi hizi: E, V, M, U, A, R, O, N, E. Safari hii kijana mmoja, ambaye Kiingereza chake amekichota zaidi katika filamu za Marekani, alipiga meza kwa furaha na kuandika "maneuver", herufi nane. Koplo alilikubali, kwa kuwa ndivyo Wamarekani wanavyoliandika. Afande akaenda ubaoni taratibu, akaichukua ile O iliyoachwa peke yake, akaandika "manoeuvre". Herufi tisa. Hivyo ndivyo Waingereza wanavyoliandika mpaka leo, kwa sababu walilichukua kwa Wafaransa na hawakuona haja ya kuligusa.

Hapa ndipo penye kiini cha mambo. Maneno marefu ya Kiingereza, kwa sehemu kubwa, si ya Kiingereza kwa nasaba. Mwaka 1066 Mtawala wa Normandy alivuka bahari kutoka Ufaransa akaitwaa Uingereza kwa upanga, na kwa muda wa takriban miaka 300 baadaye wakuu wa nchi ile, mahakama zake na majemadari wake walitumia Kifaransa, hali wakulima wakiendelea na lugha yao ya asili. Karne nyingi baada ya hapo, Ufaransa ilipokuwa ndiyo mwalimu wa vita wa Ulaya, Waingereza waliendelea kuazima. Matokeo yake, askari wa Kiingereza hawezi kutoa amri ya maana bila kutumia neno la Kifaransa. "Lieutenant" ni maneno mawili ya Kifaransa yaliyounganishwa, yaani anayeshika mahali pa mwingine. "Camouflage", "bivouac" na "surveillance" yote yametoka huko. "Reconnaissance", ambalo lina herufi 14, N mbili zinazofuatana na S mbili zinazofuatana, na ambalo limewatoa jasho makarani wengi, lilitoka Ufaransa likiwa zima, na halijapoteza hata herufi moja.

Kiswahili chetu cha kambini nacho kimekula karamu hiyo, ingawa kilifika mwishoni. Kuruta, luteni, platuni, kombania, batalioni: yote yalipita kwa Waingereza yakaja kwetu. Neno "colonel" ndilo la ajabu zaidi. Waingereza wanaliandika kama Wafaransa, lakini wanalitamka kana kwamba zile L na O za katikati hazipo. Waswahili, watu wa kuandika wanachosikia, wakaandika kanali na kumaliza ubishi.

Kwa hiyo Afande, aliyejiona masikini, alikuwa na akiba benki asiyoijua. Maneno yote yanayomalizikia kwa "tion", "ment", "ance" na "able" alikuwa nayo tangu shule. Ilimbaki kujifunza namna Waingereza walivyoyavisha: mahali gani waliongeza herufi, mahali gani walipunguza, na yapi waliyoyabadili maana. Hili la maana si dogo. Kwa Kifaransa "actuellement" ni sasa hivi. Kwa Kiingereza "actually" ni kwa hakika. Polisi akiandika ripoti kwamba mshukiwa kwa hakika yumo mahabusu, ilhali alitaka kusema kwamba yumo kwa sasa, msomaji atajiuliza ni nani aliyepata kusema kwamba hayumo.

Basi kilichomwangusha mtihanini kilikuwa nini? Alituonyesha daftari lake. Katika zoezi la kusikiliza alisomewa sentensi moja ambayo tunainakili kama alivyoiandika: "The driver pulled over, got out and made off." Maneno tisa, na refu kuliko yote lina herufi sita. Afande alikuwa ameandika kwamba dereva alivuta kitu fulani juu ya kingine, akakipata nje, kisha akakitengeneza. Kumbe dereva aliegesha gari pembeni, akashuka, akatoroka! Yale maneno mafupi, ambayo mtoto wa Kiingereza huyajua kabla hajajua kufunga viatu, ndiyo ya asili ya lugha ile, ndiyo yaliyobaki kwa wakulima wakati wakuu wakisema Kifaransa. Hayana ndugu katika Kifaransa, katika Kiswahili wala katika Kinyarwanda. Kila moja ukilitia kijineno cha "up", "off", "out" au "over" hugeuka kuwa kitu kingine kabisa.

Tulijadiliana sana na koplo juu ya jambo hili, naye akabadili utaratibu wa mchezo. Tangu wiki ile, anayetoa neno refu hana budi kulieleza kwa maneno mafupi ya Kiingereza, lisiwepo hata moja lenye herufi zaidi ya sita. Vijana walilalamika kwamba mchezo umegeuzwa darasa. Afande hakulalamika.

Lakini tusije tukaonekana kudharau neno refu. Askari anayesema Kiswahili ana silaha moja ambayo Mwingereza hana. Chukua neno "walipoandikishwa". Lina herufi 16, mbili zaidi ya lile la Kifaransa lililotajwa hapo juu, na hakuna kuruta anayelishangaa, maana yeye mwenyewe ni mmoja wa hao walioandikishwa. Analivunja vipande bila kufikiri: wa, li, po, andik, ish, wa. Anajua ni nani, lini, na kwamba jambo lilitendwa na wengine. Sasa mpe neno la Kiingereza linalotajwa kila mara kama jitu la kamusi, "antidisestablishmentarianism", lenye herufi 28. Asikimbie. Alitendee kama alivyolitendea la kwanza: "anti" ni kupinga, "dis" ni kutengua, "establish" ni kuweka imara, na hizo nyingine ni mikia ya kuunda jina. Ni itikadi ya kupinga kutenguliwa kwa kilichowekwa, nacho kilichowekwa ni kanisa la taifa la Uingereza. Tulimpa kazi hiyo askari mmoja wa jikoni, ambaye alikuwa amekaa pembeni akidai kwamba mchezo huo si wa watu kama yeye. Alilivunja sawasawa, ila la kanisa ndilo tulilomwambia.

Hata hivyo, kuna maneno marefu yasiyostahili heshima hiyo. Lile la herufi 45, linalodaiwa kuwa jina la ugonjwa wa mapafu utokanao na vumbi la volkano, lilibuniwa mwaka 1935 na wapenzi wa chemsha bongo wa Marekani kwa ajili tu ya kuwa refu. Daktari wa kweli akitaka kutaja ugonjwa wa namna hiyo anatumia neno fupi. Sisi tunaishi karibu na volkano za Virunga na hatujasikia likitajwa hospitalini. Tunaona afadhali "strengths", herufi tisa zenye irabu moja tu, ambalo mdomo wa Mswahili hulikataa kabisa na kutaka kulitilia i kila baada ya konsonanti. Au "queueing", lenye irabu tano zilizopanga foleni, na maana yake ni kupanga foleni. Na kwa wale wanaodhani Kiingereza hakikuumbwa kwa ulimi wetu, Shakespeare katika mchezo wake mmoja alitia neno la Kilatini lenye herufi 27, "honorificabilitudinitatibus", ambamo konsonanti na irabu zinapokezana moja kwa moja tangu mwanzo hadi mwisho. Lisome kwa sauti. Ukiondoa hiyo S ya mwisho, lingeweza kupita Kariakoo bila kuulizwa kitambulisho.

Turudi kwenye ile kofia ya herufi, kwa sababu ina habari yake. Mwanzoni wachezaji walikata vipande 104, vinne kwa kila herufi, wakiamini kwamba haki ni usawa. Mchezo haukuchezeka. Mtu aliokota Q mbili, X, Z na J, akabaki anayatazama kama shehena isiyo na mwenyewe. Koplo ndiye aliyetafuta dawa, akaipata katika historia ya mchezo wa Scrabble. Katika miaka ya 1930, wakati uchumi wa Marekani ulipoporomoka, msanifu majengo mmoja wa New York aitwaye Alfred Butts alipoteza kazi. Akakaa na kurasa za magazeti akihesabu herufi moja moja, ili ajue kila moja hutokea mara ngapi. Kutokana na hesabu hiyo aliamua kwamba E ziwe 12, A na I tisa kila moja, O nane, N, R na T sita sita, hali Q, Z, X, J na K zipewe kipande kimoja kimoja. S akaifanya nne tu makusudi, kwa kuwa Kiingereza hufanya wingi kwa S na mchezo ungekuwa rahisi mno. Koplo alikata upya vipande 98 kwa mizani hiyo, na tangu hapo kofia ina akili.

Kama mchezo ungekuwa wa Kiswahili, mizani hiyo isingefaa. "Askari wanasafisha silaha zao." Sentensi hiyo ina herufi 26, na tisa kati yake ni A, E haimo hata moja. Kila lugha ina alama zake za vidole.

Na hapo afisa wa mawasiliano yeyote atainua sikio. Kuhesabu herufi si mchezo wa mtu asiye na kazi. Al-Kindi, mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya 9, alieleza kwamba barua iliyoandikwa kwa siri yaweza kufunguliwa kwa kuhesabu alama zake, kwa kuwa alama inayotokea mara nyingi zaidi aghalabu ni ile herufi inayotokea mara nyingi zaidi katika lugha yenyewe. Elimu hiyo haijazeeka. Januari 1942, katikati ya Vita Kuu ya Pili, gazeti la Daily Telegraph la London liliwaalika wasomaji wake waje ofisini kulijaza fumbo la maneno kwa dakika zisizozidi 12. Baadhi ya walioweza walipokea barua baadaye, wakaitwa kwenda Bletchley Park, mahali palipokuwa pakifunguliwa maandishi ya siri ya Wajerumani. Gazeti hilo hilo lilizua hofu mwezi Mei 1944, siku chache kabla ya majeshi kutua Normandy, pale mafumbo yake yalipokuwa na majibu kama "Utah", "Omaha" na "Overlord", ambayo yalikuwa majina ya siri ya operesheni ile. Mtungaji wake, mwalimu mkuu Leonard Dawe, alihojiwa na wapelelezi. Miaka 40 baadaye mwanafunzi wake wa zamani alidai kwamba maneno hayo aliyasikia kwa askari waliopiga kambi karibu na shule, naye ndiye aliyeyapachika.

Afrika Mashariki haikuwa mtazamaji tu. Wajapani walipoishambulia Ceylon kwa ndege mwezi Aprili 1942, kituo cha Waingereza cha kunasa na kufungua ujumbe wa siri wa adui kilihamishwa kutoka Colombo kikaletwa Mombasa, Kilindini, kikawekwa katika shule ya Allidina Visram inayotazama bahari. Huko walikuwa wakihangaika na msimbo wa meli za biashara za Kijapani uliojulikana kama JN-40. Walidhani ni msimbo wa kujumlisha tarakimu. Septemba 1942 kosa la upande wa Wajapani liliwafungua macho: kumbe kila alama ilikuwa ikigeuzwa kuwa tarakimu mbili, kisha tarakimu zote zikivurugwa kwa safu. Kufikia Novemba walikuwa wakiusoma kila ujumbe ulioingia. Kupanga upya kilichovurugwa ndiyo kazi iliyofanywa katika madarasa yale ya Mombasa, na ndiyo inayofanywa na koplo wetu kwa vipande vya maboksi, ingawa katika fumbo lake hakuna meli inayozama.

Hata katika kazi ya kila siku herufi ina uzito wake. Ulimi wa Kinyarwanda haubagui sana kati ya L na R, na katika redio yenye mikwaruzo tofauti hiyo hupotea kabisa. Ndiyo sababu tunasema Lima na Romeo. Alfabeti hiyo ya redio ilianza kutumika kimataifa katika usafiri wa anga mwaka 1956, baada ya kujaribiwa na wasemaji wa lugha nyingi. Mwenye kuitazama kwa makini ataona kwamba Alfa imeandikwa kwa F, ili asiyejua Kiingereza asije akatamka P na H, na Juliett imepewa T mbili mwishoni, ili Mfaransa asiimeze hiyo T kama desturi ya lugha yake ilivyo. Tulipomwonyesha Afande hiyo T ya pili alicheka kwa mara ya kwanza usiku ule. "Kwa hiyo mimi walinifikiria," alisema.

Alicheza Ijumaa 14 mfululizo. Daftari lake liligawanyika sehemu mbili: upande wa kulia maneno marefu aliyoyajua kwa Kifaransa na namna Waingereza walivyoyabadili, upande wa kushoto vitenzi vifupi, kila kimoja na vijineno vyake. Upande wa kushoto ndio uliojaa kwanza. Karibu na siku ya mtihani alituletea ripoti ya mazoezi tuisome, kuhusu pikipiki iliyogonga toroli la ndizi. Tulikuta amepanga maneno makubwa makubwa kama gwaride la sherehe. Tulimtaka aiandike upya kana kwamba anamweleza koplo kwa zile herufi sita. Ripoti ilipungua nusu, na kwa mara ya kwanza tukaelewa ni nani aliyemgonga nani. Tukiri kwamba ofisi yetu wenyewe imetoa taarifa kwa magazeti ambazo zingehitaji tiba hiyo hiyo.

Alipimwa siku ya Jumanne. Orodha ya waliovuka ilipotoka jina lake lilikuwamo, si juu sana. Gari alilipita bila taabu, na bastola pia. Ijumaa iliyofuata hakuja, kwa sababu alikuwa akifungasha.

Alimtuma kijana mmoja na zawadi kwa ajili ya bwalo: ubao mpya uliopakwa rangi vizuri, wenye vijifuko tisa vya kutilia herufi ili zisidondoke. Koplo alipougeuza autundike alikuta maandishi ya rangi nyeupe mgongoni mwake, kwa mkono wa Afande: "Battalion. T mbili, L moja."